Anayechangia Figo Naye ni Mgonjwa Wetu

Kila nilipomuuliza swali binti yule, walijibu kaka zake. "Dokta, huyu yuko tayari. Tumeshakaa kikao cha familia." Mwenyewe alikuwa ameibana mikono katikati ya magoti. Nikawaomba watupishe. Mlango ulipofungwa akasema, "Naogopa. Lakini nikikataa, halafu baba afe, nitarudi nyumbani kwa nani?"

Tangu Hospitali ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, mgonjwa halazimiki tena kusafiri hadi India. Figo yenyewe, hata hivyo, hutoka kwa ndugu aliye hai. Siwalaumu wale kaka. Wamemsindikiza mzee kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila safari, huku akiba ya nyumba ikiisha.

Mwenye afya njema anaweza kuishi na figo moja. Hata hivyo, kisu ni kisu: kuna kuvuja damu, kuna maambukizi, kuna kupimwa shinikizo la damu maisha yote. Sisi tulioapa kutomdhuru mtu tunampasua asiyeumwa chochote, na ruhusa ya kufanya hivyo tunaipata kwake peke yake. Ndiyo maana anapaswa kuwa na daktari wake, asiye yule anayemtibu mgonjwa. Mimi namtibu baba, namtakia baba apone. Nitamsikilizaje binti kwa haki?

Biashara ya figo ina sheria na matamko dhidi yake, likiwemo Tamko la Istanbul la mwaka 2008. Kinachonikosesha usingizi ni shinikizo la nyumbani, ambalo halina risiti wala shahidi.

Mchangiaji akikataa, familia iambiwe nini? Madaktari wengine husema vipimo havikulingana. Naielewa huruma hiyo, ila nauogopa uongo huo: ukigundulika, nani ataamini tena majibu ya maabara? Mimi husema, "Hafai kuchangia," basi. Na ni kweli, kwa sababu asiyeridhia hafai, hata kama damu na tishu zinalingana.

Ndivyo nilivyowaambia wale kaka. Kaka mkubwa hakuridhika. "Tatizo ni kundi la damu, au nini?"

"Majibu ni yake, ndugu yangu. Hata wewe ungepima, nisingemwambia mtu."

Nikamuuliza kama ameshapima. Akamtazama mdogo wake. Hakuna kati yao aliyekuwa amepima.