Majitaka Yapimwe Yanapotoka

Mabwawa ya majitaka ya Kalobe mjini Mbeya, na yale ya Iringa, hayategemei mitambo. Jua huotesha mwani, mwani hutoa oksijeni, bakteria hula uchafu, mayai ya minyoo huzama. Lakini baridi ya Juni na Julai huwapunguza kasi bakteria hao. Na tope lisipozolewa hujaza bwawa, maji yakatoka kabla hayajaiva. Kukosa harufu si kipimo! Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza maji ya kumwagilia mboga za kuliwa mbichi yasiwe na zaidi ya bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100. Basi yapimwe mlangoni yanakotokea, hasa Julai, na majibu yabandikwe sokoni, penye wanunuzi wa saladi.