Je, Wajua? Laini ya Simu na Ulinzi Usiohitaji Kununuliwa

Laini ya simu, ambayo mkazi wa Kilosa au Mikumi huisajili kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ni kompyuta kamili, japokuwa ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Laini 300 za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, kwa ajili ya kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland. Ndani ya kila laini mna namba ya siri ya biti 128, yaani mfuatano wa sifuri na moja 128, ambayo nakala yake ya pili iko kwa kampuni ya simu peke yake. Simu inapojiunga na mtandao, mtambo wa kampuni huipelekea laini namba ya kubahatisha, nayo laini huikokotoa pamoja na siri yake na kurudisha jibu, ambalo mtambo hulilinganisha na jibu ulilolipata wenyewe. Hivyo laini hutambulika bila siri hiyo kupita hewani hata mara moja.

Kwa kuwa siri hiyo ni vigumu mno kuichomoa, tapeli humwendea mwenye laini. Mkoa wa Morogoro, ambamo Kilosa na Mikumi zimo, umetajwa mara kwa mara pamoja na Rukwa katika takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Ujumbe maarufu zaidi husema, “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani.” Maneno hayo hayamtaji mtu wala deni, na nguvu yake imo humo humo: yakitumwa kwa maelfu ya watu wakati wa mavuno ya ufuta au mpunga, hawakosekani wachache ambao kweli walikuwa karibu kumtumia mtu fedha, nao huiandika namba ya siri ya fedha zao kwa mikono yao wenyewe.

Dhidi ya wizi wa namna hiyo, nchini Marekani ulinzi wa utambulisho umekuwa bidhaa inayolipiwa kila mwezi. Kampuni ya LifeLock, ambayo aliyekuwa mkuu wake, Todd Davis, aliianika namba yake ya hifadhi ya jamii katika matangazo ili kuonyesha kwamba hatadhurika, ilikubali mwaka 2010 kulipa dola milioni 12 kumaliza madai kwamba matangazo yake yalipotosha umma, na mwaka 2015 ikakubali kulipa dola milioni 100 nyingine. Davis mwenyewe aliibiwa utambulisho zaidi ya mara moja. Udhaifu wa msingi ni kwamba huduma hizo aghalabu hutoa taarifa baada ya jambo kutokea, ilhali kufunga kumbukumbu za mikopo, hatua inayozuia mkopo mpya kufunguliwa kwa jina la mtu, kumekuwa bure nchini humo tangu Septemba 2018. Mtanzania aishiye huko na aanze na hatua hiyo kabla ya kulipia chochote.

Kilosa hoja ya kununua ni dhaifu zaidi, kwa sababu nyenzo zinazofaa tayari zipo bila malipo. Kwa kupiga *106# mtu huhakiki laini zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na asiyoitambua huiripoti ili ifutwe. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Laini yenyewe hukubali kuwekewa namba ya kuifungua, ambayo ikikosewa mara tatu huifunga mpaka iingizwe namba ya PUK yenye tarakimu nane, kinga muhimu simu inapoibwa stendi ya Mikumi.

Jambo moja halipewi uzito unaostahili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kila kivuli cha kitambulisho kinachoachwa dukani hutangaza mwaka ambao watu wengi wameufanya kuwa namba ya siri ya fedha zao. Hakuna bima inayoziba pengo hilo, lakini kubadilisha namba hiyo ya siri katika menyu ya simu huchukua dakika moja.