Vifaru Wawili na Kazi ya Maabara

Katika jumuiya ndogo ndogo tumeulizwa: kama Kanisa linakataa watoto wa maabara, mbona tunanyamazia yanayofanyiwa vifaru huko Ol Pejeta, Laikipia?

Kwanza tujue hali yenyewe. Kifaru mweupe wa kaskazini alimalizwa na vita na majangili wa pembe. Desemba 2009 wanne waliletwa Ol Pejeta kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki, ikitumainiwa watazaa. Hawakuzaa. Suni alikufa 2014, na Sudan, dume wa mwisho, Machi 2018. Wakabaki Najin na bintiye Fatu, na wote wawili hawawezi kubeba mimba: mama ana miguu ya nyuma dhaifu, binti ana shida ya mfuko wa uzazi.

Agosti 2019 madaktari walianza kuwatoa mayai. Jike analazwa kwa dawa, mayai yanatolewa na kukimbizwa kwa ndege hadi Cremona, Italia. Huko yanaunganishwa na mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizogandishwa miaka mingi. Kufikia mwanzo wa 2024 vilikuwa vimepatikana viinitete 30. Vinahitaji jike wa kusini, ndugu yao wa karibu, avibebe kwa miezi kama 16. Mfugaji wa ng'ombe wa gredi hawezi kushangaa sana. Ndama wangapi hapa kwetu wamezaliwa kwa sindano, mama yao hajaona fahali!

Mwaka 2023 jike mmoja wa kusini alipandikizwa kiinitete cha kusini, ikiwa ni majaribio, na mimba ikashika. Lakini mvua kubwa zikafukua bakteria ardhini, naye akafa na mimba ya siku 70. Kijusi kilikuwa na urefu wa sentimita 6.4.

Sasa swali. Hati ya Donum Vitae ya 1987 inalinda heshima ya mtoto na ndoa ya binadamu. Kifaru hafungi ndoa. Kwa wanyama tunasoma Katekisimu namba 2418: tusiwatese bure, wala tusiwape fedha zinazopaswa kwanza kuondoa taabu za watu. La kwanza tunaona limefikiriwa, maana 2021 Najin, ambaye ni mzee, aliachishwa kutoa mayai. La pili ni gumu. Serikali ya Ujerumani imechangia utafiti huu, na fedha hizo zisingekuja kuchimba kisima chetu. Hata hivyo mama aliyetuuliza habari za dawa za zahanati ana haki ya kuuliza. Nasi tunaongeza letu: maabara haimkamati jangili, na ndama akizaliwa atahitaji askari wa kumlinda usiku na mchana, na majirani wanaomtaka aishi.