Talaka ya New York: hati yako iko kwa karani wa kaunti

Unataka kuoa au kuolewa tena, au unajaza fomu za green card, unaambiwa leta hati ya talaka. Kama mliachana New York, usikimbilie Family Court. Wengi hukosea hapo. Mahakama hiyo inashughulika na malezi na matunzo ya watoto; talaka inatolewa na Supreme Court, ambayo kule, licha ya jina lake, siyo ya juu kabisa.

Faili linabaki kwa karani wa kaunti kesi ilikofunguliwa, hata kama umeshahama. Nenda na kitambulisho chenye picha, majina yenu wote wawili na namba ya kesi, wenyewe wanaiita index number. Huna namba? Taja mwaka, watafute. Omba nakala yenye muhuri, siyo fotokopi tupu.

Umesharudi Dar au Mombasa? Ndugu anaweza kukuchukulia, ila awe na barua yako iliyothibitishwa na notari. Akienda mikono mitupu atarudishwa: bila amri ya mahakama, faili la talaka halionyeshwi mtu mwingine kwa miaka 100.