Miwani ya dola 3,500 au simu iliyo mfukoni?

Muuzaji akikuletea miwani ya uhalisia ulioongezwa, ile inayomwonyesha mwanagenzi mshale wa kijani ukielea juu ya bolti anayotakiwa kufungua, bei atakayoitaja ni ya miwani. Kinachomaliza bajeti ya mafunzo ni mambo mengine: leseni za kila mwezi, kutengeneza masomo yenyewe, na siku ambayo kampuni iliyounda kifaa itaamua kuachana nacho.

Chukua HoloLens 2 ya Microsoft. Ilitangazwa mwaka 2019 kwa dola 3,500, yaani kama shilingi 450,000 za Kenya, kabla ya usafirishaji, ushuru na VAT. Kwa kazi ya ufundi kilikuwa kifaa kizuri kwelikweli. Kioo chake kinapitisha mwanga, kwa hiyo hata betri ikiisha baada ya saa mbili tatu, mvaaji bado anauona mtambo ulio mbele yake. Lakini Guides, programu ya kuandalia maelekezo, ilitozwa dola 65 kwa mtumiaji kwa mwezi. Wanagenzi 12 kwa mwaka mmoja ni dola 9,360, fedha ya kununulia miwani mingine miwili na chenji ikabaki. Kisha Oktoba 2024 Microsoft ikathibitisha kwamba imeacha kuiunda. Masasisho ya usalama yanakoma mwisho wa 2027. Ukiikuta leo iliyotumika kwa bei ya chee, piga hesabu ya miezi iliyobaki kabla ya kufurahi. Google Glass ya makampuni, iliyouzwa dola 999, iliondoka kwa kasi zaidi: mauzo yalisimama Machi 2023 na msaada ukakatwa Septemba mwaka huohuo.

Magic Leap 2, iliyoanzia dola 3,299 ilipotoka 2022, ilikuwa kwenye daraja hilohilo la bei, na maswali ni yaleyale.

Kinachovutia wengi sasa ni Meta Quest 3S, iliyoingia sokoni 2024 kwa dola 299. Ni chini ya sehemu ya kumi ya bei ya HoloLens, ila kuna tofauti ambayo tangazo halikazii. Humu mvaaji haoni kwa macho yake moja kwa moja. Anaona picha inayoletwa na kamera. Kifaa kikizima, ni giza. Darasani, mwanagenzi akiwa amekaa mbele ya injini iliyozimwa, hakuna neno. Karibu na msumeno unaozunguka mimi nisingeruhusu. Tena hakikai pamoja na kofia ngumu, na watu wanne wakipokezana kifaa kimoja saa nane mchana, sponji ya usoni inalowa jasho. Weka kwenye bajeti vifuniko vinavyooshwa.

Inabaki simu, au tableti. Programu nyingi za uhalisia ulioongezwa hutumia mfumo wa ARCore kwenye Android, na si kila simu inaukubali. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi hazimo kwenye orodha ya simu zinazoukubali, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuagiza kumi. Udhaifu wake unaujua ukiwa chini ya gari: mkono mmoja umeshika simu, mwingine spana, na kidole chenye grisi hakitelezi vizuri kwenye skrini. Stendi ya kubana mezani inatatua nusu ya shida hiyo. Nusu nyingine ni mwanga. Kwenye karakana yenye giza, au mbele ya chuma kinachong'aa, kamera inapoteza alama zake na mshale unahamia kwenye bolti ya jirani. Mwanagenzi mgeni atauamini.

Wauzaji wanapenda kutaja jaribio la miwani la DHL la 2015 katika ghala la Bergen op Zoom, Uholanzi, ambako ufanisi wa kuokota bidhaa ulipanda kwa asilimia 25. Ni kweli, lakini walikuwa wafanyakazi 10 kwa wiki tatu, na kazi ilikuwa kuokota bidhaa, si kujifunza ufundi.

Kwa karakana nyingi ningeanza na tableti moja kwenye stendi, na video za dakika moja za fundi mkuu, kila moja ikifunguliwa kwa msimbo wa QR uliobandikwa kwenye mashine. Miwani ningeiacha kwa kazi yenye sifa mbili kwa pamoja: mikono yote imeshikika, na kosa moja linagharimu kuliko miwani. Kufunga waya za ndege ni mojawapo, na ndiko Tom Caudell na David Mizell wa Boeing walikoanza na wazo la miwani hii, katika andiko lao la 1992.

Kabla ya kutia saini, uliza nani atabadilisha somo mashine ikibadilishwa. Mkataba ukisema ni muuzaji peke yake, kila badiliko litakuja na ankara yake. Dai tarehe ya mwisho ya masasisho kwa maandishi. Na jaribio lifanyike kwenye mashine yako, kwa mwanga wako, akiwa amevaa kijana aliyeajiriwa juzi, huku mtu wa mauzo amesimama pembeni bila kumwelekeza.