Tundu Katika Kifuniko cha Kasha

Somo letu latoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12, kuanzia mstari wa 4.

Mfalme Yoashi aliwaamuru makuhani wapokee fedha za watu, wazitengeneze sehemu zilizobomoka za nyumba ya Bwana. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na nyumba haijatengenezwa. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kifunikoni, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipozidi, walikuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja. Kisha zikapewa maseremala na waashi, nao wakaifanya kazi.

Twalisoma hili kwa sababu ya vijana wetu wa hapa Kisian. Huenda Kisumu kutazama swala, au hupanda mashua kwenda Kisiwa cha Ndere. Mlangoni hutozwa kiingilio, na pengine mtembezaji huomba mchango. Vijana wauliza: shilingi zetu chache zahifadhi nini? Wazee nao wauliza neno zito zaidi: yafaaje kumpa ndege fedha, hali jirani hana karo?

Jibu moja lapatikana pwani. Mwaka 1983 mchungaji wa Kianglikana, Peter Harris, na mkewe Miranda walianzisha huko Ureno kazi ya Kikristo ya kutunza viumbe, iitwayo A Rocha, yaani mwamba. Ilifika Kenya 1999. Karibu na Watamu upo msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilometa 420 za mraba. Humo yumo bundi mdogo, hafiki shibiri moja, ambaye nje ya msitu huo ajulikana mahali pachache tu, kama vile Usambara, Tanzania. Majirani wa msitu walikuwa wakikata miti na kuiuza, na haja mojawapo ilikuwa karo ya sekondari. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wazazi.

Mwaka 2001 A Rocha Kenya wakaanzisha mpango uitwao ASSETS. Katika Hori ya Mida likajengwa daraja la mbao lining'inialo kati ya mikoko, hadi kibanda cha kutazamia ndege. Mgeni hulipa kidogo apite. Fedha hizo, pamoja na michango mingine, husaidia karo za watoto waishio kando ya msitu. Na wazazi kwa upande wao hufundishwa kuutunza msitu na kupanda miti yao wenyewe. Basi wazee wetu wamejibiwa: yule bundi na yule mtoto wala sahani moja.

Je, na huku kwetu? Ndere ni hifadhi ya taifa tangu 1986, na kiingilio chake ni ada ya serikali. Hiyo si sadaka. Ulipe bila kunung'unika. Lakini pale Dunga, kwenye mafunjo, vijana wenyeji na wavuvi huwatembeza wageni kwa mashua. Mafunjo hayo ni maficho ya samaki wachanga, na humo huishi ndege wasioweza kukaa penginepo. Ukiombwa mchango mahali kama hapo, uliza kama Yehoyada: kasha ni la nani, na ni akina nani wawili wanaolihesabu? Uombe na kuonyeshwa kazi yenyewe. Ukijibiwa vizuri, toa. Usipojibiwa, bakiza fedha yako hadi safari nyingine, wala huo si uchoyo. (Nasi tulio na masanduku ya ujenzi wa kanisa, tusijitoe katika maswali hayo.)

Kikundi cha vijana 30, kila mmoja akitenga shilingi 20 kabla ya safari, kina shilingi 600 mkononi. Ziandikwe katika daftari la kikundi, zitolewe kwa jina la kanisa, na stakabadhi isomwe Jumapili ifuatayo pamoja na matangazo.