Jina Lililo Upande wa Pili

Jiwe lilikuwa limeegemezwa ukutani likisubiri rangi. Nilipochungulia nyuma yake nikakuta jina jingine: herufi chache zimechongwa safi, kisha kazi imekatika. Mwenye kibanda, fundi wa mawe ya makaburi hapa Nyacheki, Kisii, hakuona ajabu.

"Jina lililetwa kwa simu, nikalikosea. Marumaru ni ghali, nikaligeuza. Upande ule utalala kwenye saruji. Nani atauona?"

Uingereza waliuona. Tangu karne ya 13, wenye mali huko walizikwa makanisani chini ya mabamba ya shaba yaliyochorwa sura zao, na maandishi ya kumsihi mpita njia aiombee roho ya marehemu. Kati ya 1536 na 1540, Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za watawa, mabamba mengi yaling'olewa yakauzwa kama chuma chakavu. Wachongaji wakayageuza, wakachora wafu wapya. Karne nyingi baadaye, bamba likilegea na kuinuliwa, hukutwa marehemu wawili wamepeana mgongo.

Fundi alisikiliza bila kuacha msasa. "Hao waliuza makaburi ya watu. Mimi nimegeuza kosa langu."

Na familia inajua?

"Waliuliza bei. Ya nyuma hawakuuliza."

Hapo nilinyamaza, na mpaka leo sijui kama ni udanganyifu au ubanaji matumizi tu. Yeye linalomkera ni jingine. Zamani, anasema, Mgusii alizikwa kando ya nyumba yake bila jiwe, na jina likabebwa na mjukuu. Sasa kila boma linataka "Sunrise" na "Sunset", yaani tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, na hiyo ya kwanza ndiyo huzua kelele: kitambulisho kina mwaka huu, kadi ya ubatizo ule, shangazi naye anakumbuka njaa fulani. Nilimuuliza kwa nini asitumie jiwe la sabuni linalochimbwa Tabaka, huku huku Kisii, ambalo angelipata kwa urahisi. Akachukua msumari, akakwaruza kipande kimoja. Mstari mweupe ukatokea papo hapo. "Hili ni la vinyago. Jina la mzee halikai hapa."

Siku hizi hapokei jina kwa simu. Anataka liandikwe kwenye karatasi, na watu wawili wa familia watie sahihi. Ukienda kuagiza, kwake au kwa fundi mwingine, beba na kitambulisho cha marehemu.